Namba isiyopanda: kisa cha mama wa miaka 61, CD4 yake na jasho la usiku

Kisa hiki kilijadiliwa na watoa huduma wa kliniki moja ya tiba na matunzo ya watu wanaoishi na VVU (CTC) katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Jina, wilaya na baadhi ya tarehe vimeondolewa au kusogezwa. Hapa ataitwa Mama T. Hakuna aliyezembea. Kadi ilijazwa, vidonge vilihesabiwa, vikao vya ushauri vilifanyika kwa ratiba. Hata hivyo kifua kikuu kilimkalia mama huyu zaidi ya miezi minne, na muda wote huo kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo, alikuwa akihangaika na namba ya maabara, CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, ambayo kwa kweli haikuwa imebadilika.

## Usuli

Mama T. ana miaka 61, mjane. Mume wake alifariki kabla ya 2004, mwaka ambao dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini. Analima viazi mviringo na mahindi, na analea wajukuu watatu. Mkubwa ana miaka 19, hufanya vibarua kwenye mashine ya kupasulia mbao na hurudi nyumbani mwisho wa wiki.

Aligundulika na VVU mwaka 2007 baada ya kuugua mkanda wa jeshi kifuani. CD4 ilikuwa 38. Wakati ule mtu alianzishiwa dawa CD4 ikiwa chini ya 200 au akiwa na ugonjwa wa hatua ya nne, kwa hiyo wengi wa rika lake waliingia kwenye tiba wakiwa wameshabomoka. Alianza na stavudini, lamivudini na nevirapini. Baada ya miaka michache nyayo zikaanza kuwaka moto, madhara yanayojulikana ya stavudini, akahamishiwa mchanganyiko wa tenofoviri, lamivudini na efavirenzi. Mwaka 2020 akaingia kwenye TLD, kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri.

Ni mtu wa kumeza dawa. Mwaka 2011, watu walipokuwa wakimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, majirani walimshawishi na yeye aende. Hakwenda; alisema nauli ile ni mbolea.

Hedhi ilikoma akiwa na miaka 46. Alipata vipindi vya joto na jasho kwa mwaka mmoja na nusu hivi, vikaisha vyenyewe.

Mfululizo wa CD4 zake ndio kiini cha kisa, kwa hiyo nauweka wote: 38 mwaka 2007, 121 mwaka 2008, 176 mwaka 2011, 203 mwaka 2014, 214 mwaka 2016. Baada ya hapo kimya. Kipimo cha wingi wa virusi kilipoanza kupatikana, CD4 ya kila miezi sita iliachwa kwa watu wanaoendelea vizuri, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa limesharuhusu. Majibu yake ya wingi wa virusi tangu 2017 yalitoka "haijagundulika" kila mwaka. Kwenye faili alikuwa mteja wa mfano. Septrini, dawa ya kuzuia maambukizi nyemelezi, ikasimamishwa mwaka 2018, maelezo yakiwa maneno matatu: "virusi vimefubazwa vizuri."

## Kilichotokea

Mwezi Machi alirudi na mkanda wa jeshi mara ya pili, safari hii kiunoni upande wa kushoto. Tabibu aliyempokea aliona mkanda unaojirudia kwa mtu aliye kwenye dawa miaka yote hiyo si wa kupuuzwa, akaagiza CD4. Jibu: 187. Mama akaambiwa, "Mama, kinga yako imeshuka, ujitahidi kula vizuri na kumeza dawa."

Sentensi hiyo ilimtoa kliniki akiwa mtu mwingine. Alivyoelewa yeye, dawa zimechoka. Kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa yupo mwenzake anayeuza vidonge vya lishe, akamweleza kuna kopo la "kupandisha CD4", shilingi elfu tisini, la mwezi mmoja. Alinunua. Maelekezo yalikuwa vidonge viwili asubuhi kabla ya kula chochote. TLD nayo huimeza asubuhi kabla ya kwenda shamba, kwa hiyo akaviunganisha: kidonge cha hospitali, vidonge viwili vya kopo, maji glasi moja. Ukimsikiliza akieleza, ulikuwa utaratibu mzuri kuliko wa wengi wetu.

Juni, wakati wa kuvuna mahindi, alianza kuamka usiku shuka limelowa. Wasioijua Nyanda za Juu Kusini wajue kwamba Juni na Julai ni miezi ya baridi kali. Watu hulala na blanketi mbili na bado wanajikunyata. Julai alifika kliniki, muuguzi akamuuliza maswali manne ya uchunguzi wa kifua kikuu: kikohozi, homa, kupungua uzito, kutoka jasho usiku. Kikohozi hapana. Homa hapana. Uzito ulikuwa kilo 56 kutoka 58, ikaandikwa hapana. Jasho ndiyo, na pembeni ya alama ya ndiyo pameandikwa kwa kalamu: "ukomo wa hedhi".

Agosti wingi wa virusi ukatoka 1,280. Ni juu ya 1,000, mpaka ambao WHO hutumia kusema virusi havijafubazwa. Kuanzia hapo kliniki ikafuata njia iliyozoeleka: vikao vya ushauri wa ufuasi wa dawa, kimoja kila mwezi, kisha kupima tena. Mshauri wa kikao cha kwanza, kijana mpole, alimwambia, "Mama, tuambie tu ukweli, hatukugombezi."

"Mwanangu," akajibu, "dawa hizi nazimeza tangu wewe uko shule ya msingi."

Hesabu ya vidonge ilikuwa sawa. Kikao cha pili, Septemba, hesabu ikawa sawa tena, na kwenye faili ikaandikwa kwamba mteja "anasisitiza" anameza. Neno hilo peke yake linaonyesha hawakumwamini. Uzito sasa kilo 54.

Kikao cha tatu, Oktoba, kilimkuta muuguzi mzoefu aliyekuwa ametoka likizo. Kabla ya siku yenyewe alimpigia simu akamwomba aje na kila anachotia mdomoni kisicho chakula, hata kama ni majani ya mti. Mama akaja na mfuko wa nailoni: TLD, kopo, unga wa mlonge, na dawa ya kiungulia aliyonunua duka la dawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Hedhi ilikoma lini, mama?"

"Aah, zamani! Kabla huyu mjukuu wa kati hajazaliwa."

"Ulipokoma, ulipata jasho?"

"Nilipata, likaisha."

"Na hili la sasa?"

"La mwaka huu. Tangu mahindi."

Muuguzi alisoma maandishi ya kopo: kalsiamu, chuma, zinki, magnesiamu. Kisha akamshika shingo, akakuta tezi mbili ndogo upande wa kulia. Wakati huo huo mama akataja, kama jambo la kupita, kwamba mjukuu mkubwa anakohoa tangu Pasaka na wamedhani ni vumbi la mbao.

## Maamuzi na sababu zake

Siku hiyo hiyo alichukuliwa mkojo kwa kipimo cha LAM, ambacho hutafuta vipande vya bakteria wa kifua kikuu na husomwa baada ya dakika 25. Makohozi hayakupatikana, hakuwa na kikohozi cha kutoa kitu. CD4 chini ya 200 kwa mtu mzima, kwa mujibu wa WHO, humweka moja kwa moja kwenye kundi la VVU katika hatua iliyoendelea, hata kama amevaa kitenge kizuri na ametembea mwenyewe kutoka kijijini. Kundi hilo hupimwa pia kriptokokasi, fangasi wanaoweza kushambulia ubongo, kwenye damu. Kriptokokasi ikawa hasi. LAM ikaonyesha mstari, hafifu lakini upo. Picha ya kifua ikaonyesha tezi zilizovimba karibu na mapafu.

Dawa za kifua kikuu zilianza bila kusubiri ushahidi zaidi. Kwa mtu wa aina hii LAM chanya inatosha kuanza tiba. Na ingetoka hasi isingetosha kumwambia hana, kwa sababu kipimo hiki hukosa wagonjwa wengi.

Mjadala mkali ulikuwa juu ya virusi. Mmoja wa matabibu alitaka mama ahamishiwe mstari wa pili, yaani dawa zinazotolewa za kwanza zikishindwa: vikao vitatu vimefanyika, ufuasi ni mzuri, virusi viko juu, basi dawa imeshindwa. Kwenye karatasi hoja hiyo imenyooka. Ilizuiwa na mambo mawili. La kwanza ni lile kopo. Madini kama kalsiamu, chuma na magnesiamu huishika dolutegraviri tumboni na kuizuia isiingie mwilini. Vikimezwa pamoja bila chakula, kalsiamu hupunguza dolutegraviri inayofika kwenye damu kwa zaidi ya theluthi moja, na chuma kwa zaidi ya nusu. Dawa ya kiungulia yenye magnesiamu na aluminiamu hufanya vivyo hivyo. Mama alikuwa anameza TLD kila siku na kila siku anaitumia nusunusu. La pili ni kifua kikuu chenyewe: mstari wa pili uliokuwa unapendekezwa ulikuwa na atazanaviri, na atazanaviri haiendi na rifampisini, ambayo ndiyo nguzo ya tiba ya kifua kikuu. Angehamishwa wiki ile, angeharibu tiba zote mbili kwa pamoja.

Ikaamuliwa abaki na TLD, kopo na dawa ya kiungulia visimame, na aongezewe kidonge kimoja cha dolutegraviri ya miligramu 50 jioni. Rifampisini hulifanya ini liivunje dolutegraviri haraka, ndiyo sababu wakati wa tiba ya kifua kikuu hutolewa mara mbili kwa siku, saa 12 zikipita katikati. Wingi wa virusi upimwe tena baada ya miezi mitatu.

Kopo liliondolewa kwa namna ninayoipenda. Muuguzi hakumwambia ametapeliwa. Alimwambia vidonge vile vina madini ambayo mwili unayahitaji, ila vinagombania mlango mmoja na dawa yake, na kwa sasa dawa ndiyo ipite. Tiba ikiisha, akitaka kalsiamu kwa ajili ya mifupa, anaweza kuimeza pamoja na TLD akiwa anakula, au TLD itangulie kwa muda wa saa mbili. Tenofoviri kweli hupunguza uimara wa mifupa, na mwanamke aliyekoma hedhi mifupa yake inapungua hata bila hiyo, kwa hiyo mama hakuwa mjinga kuwaza madini. Kwa kipindi hicho alishauriwa dagaa na maziwa.

Septrini ilirudishwa. Ilisimamishwa kwa kigezo kisichokuwa chake: mwongozo wa WHO unaangalia CD4 kupita 350 pamoja na virusi kufubazwa, na katika maeneo yenye malaria au maambukizi makali ya bakteria unapendekeza iendelee tu. Mama T. hajawahi kufika 350 maishani mwake tangu apimwe.

Mjukuu aliitwa. Makohozi yake yalipitishwa kwenye mashine ya GeneXpert na kifua kikuu kikaonekana, kisicho sugu kwa rifampisini. Wadogo wawili walichunguzwa, wakaonekana salama, wakaanza dawa ya kinga.

Na CD4? Hapo timu iliamua kutofanya kitu. Hakuna dawa ya kuipandisha iliyoandikwa, hakuna kirutubisho, na hakupangiwa kupimwa kila mwezi. Uamuzi huo ndio uliokuwa mgumu kumweleza mama, na nadhani hata baadhi ya watumishi ulikuwa mgumu kwao.

## Matokeo

Jasho liliisha ndani ya wiki tatu. Miezi mitatu baadaye wingi wa virusi ulirudi "haijagundulika". Alimaliza miezi sita ya tiba ya kifua kikuu akiwa na kilo 61, uzito ambao hajawahi kuwa nao tangu afungue faili. Mjukuu pia alimaliza, ingawa aliruka wiki mbili za mwezi wa nne alipokwenda kupasua mbao mbali na ikabidi afuatwe.

CD4 mwishoni mwa tiba: 209.

## Uchambuzi

Anza na namba. Kati ya 214 ya mwaka 2016 na 187 ya Machi hakuna kushuka kwa kusemea. CD4 ya mtu yule yule hupanda na kushuka kwa makumi kadhaa kutegemea saa ya siku, mafua, uchovu, hata maabara. Tabibu aliiona namba moja peke yake ikiwa chini ya 200, akatumia neno "imeshuka", na neno hilo likamuuzia mama kopo. Faili lilikuwa na namba tano za nyuma. Zilikuwa kwenye kadi ya zamani iliyobanwa nyuma ya mpya, na kadi za zamani hazifunuliwi.

Kwa nini haipandi? Chembe mpya za CD4 za ujana hutoka kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Tezi hii husinyaa na umri; mtu akifika miaka 45, sehemu kubwa yake imeshageuka mafuta. Anayeanza dawa akiwa na miaka 25 na CD4 ya 38 bado ana kiwanda. Anayeanza na 45 anajenga upya kwa mabaki. Juu ya hapo, miaka aliyoishi na virusi bila dawa ilikuwa imeweka makovu kwenye tezi za limfu, mahali ambapo chembe hizi huishi na kuongezeka, na ilikuwa imeharibu kinga ya utumbo, hivyo vipande vya bakteria hupenya kidogo kidogo kuingia kwenye damu na kuifanya kinga ikae macho usiku na mchana. Dawa huzuia virusi kuzaliana. Haziwezi kurudisha thaimasi.

Ukomo wa hedhi unaongeza la kwake. Estrojeni, homoni ya kike, ikipungua, hali hiyo ya kinga kukaa macho huongezeka, na mishipa ya moyo na mifupa ndiyo hulipa. Lakini ukomo wa hedhi hauzifanyi dawa zishindwe: virusi hufubazwa kwa mwanamke aliyekoma kama kwa ambaye hajakoma. Nasisitiza kwa sababu wapo wanaowaambia kina mama wa umri huu kwamba virusi vimepanda "kwa ajili ya umri". Virusi vikipanda kwa mama wa miaka 61 anayemeza TLD, kuna kitu. Tafuta kitu.

Kuhusu kuipandisha CD4 kwa nguvu, jambo hilo lilishajaribiwa kwa uzito unaostahili. Majaribio mawili makubwa, ESPRIT na SILCAAT, yalitoa matokeo mwaka 2009 baada ya kuwapa watu dawa iitwayo intalukini-2 juu ya ARV. Kwa pamoja yalikuwa na washiriki zaidi ya 5,000. CD4 zilipanda kweli. Maradhi nyemelezi na vifo havikupungua. Kama dawa iliyotengenezwa mahsusi ilipandisha namba bila kumlinda mtu, sioni mlonge na kopo la elfu tisini vitafanya nini. Mlonge ni mboga nzuri. Uliwe kama mboga.

Basi CD4 ya 187 ilikuwa na kazi gani? Ilikuwa na kazi kubwa, ila si ile aliyopewa. Ilipaswa kumwambia tabibu: huyu ni mtu ambaye kifua kikuu kinaweza kumkaa bila kikohozi, mpime kriptokokasi, angalia Septrini yake iko wapi, uliza nani nyumbani anakohoa. Badala yake iligeuzwa alama ya mtihani, na aliyefeli akawa mgonjwa. WHO ilipokubali CD4 za kila mara ziachwe, ilisema hivyo kwa watu walioimarika. Mtu aliyebaki karibu na 200 hakuwa wa kusahauliwa, lakini ndivyo ilivyotokea, kwa sababu jibu la "haijagundulika" lina sauti nzuri sana masikioni.

Sasa jasho. Kosa hili naliona limejificha vizuri kuliko yote, kwa kuwa muuguzi wa Julai aliuliza swali, akapata jibu sahihi, akaliandika, kisha akalipa maelezo yaliyolizima. Ni kweli wapo wanawake ambao vipindi vya joto huwafuata miaka mingi, hata zaidi ya kumi. Lakini huwafuata, haviondoki miaka kumi na tatu halafu vikarudi Juni moja vikiwa na kilo mbili zilizopotea. Jasho la ukomo wa hedhi huja kama wimbi la joto usoni na kifuani, mchana pia lipo, na mwanamke huwa ameshalizoea. Jasho lililomwamsha Mama T. halikuwa na mchana. Maswali mawili tu, "lilianza lini" na "mchana je", yangetosha mwezi Julai. Fomu ya maswali manne haina nafasi ya umri wala ya hedhi, na sidhani inahitaji kuongezewa. Inahitaji sheria moja ya kliniki: ndiyo ni ndiyo, anapimwa, maelezo yatafuata baada ya kipimo.

Kikohozi kilichokosekana kilisaidia kupotosha. CD4 ikiwa chini, kifua kikuu mara nyingi hakichimbi mapafu kwa namna ya kumfanya mtu akohoe, kinakaa kwenye tezi na kusambaa kimya. Kumsubiri mtu kama huyu akohoe ni kumsubiri azidiwe. Alikuwa pia ameshapewa dawa ya kinga ya kifua kikuu mwaka 2015, na hilo liliwapa watu utulivu usiostahili. Dawa ile husafisha maambukizi yaliyokuwepo wakati ule, haimkingi dhidi ya mjukuu atakayekuja kukohoa sebuleni miaka minane baadaye.

Vikao vya ufuasi vinahitaji neno lao. Vilifanyika vitatu, na viwili vya mwanzo vilikuwa na swali moja tu ndani yake: je, unameza? Mtu anayemeza hana jibu jingine la kutoa. Swali lililofungua kisa lilikuwa "unameza na nini?", na halikuhitaji mashine wala bajeti, lilihitaji mfuko wa nailoni. Tangu TLD ianze kutumika kila mahali, dolutegraviri imekuwa dawa ngumu kuzalisha usugu, na hiyo ni neema. Lakini maana yake ni kwamba virusi vikionekana, kabla ya kuwaza usugu, uliza kalsiamu, uliza chuma, uliza kiungulia. Kina mama wa umri huu ndio wanaouziwa zaidi vitu hivi, vya mifupa, vya magoti, vya "kusafisha damu". Nao hawavitaji, kwa kuwa wameulizwa kuhusu dawa na kwao vile si dawa.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni uamuzi wa kutobadili mstari wa dawa wakati kuna maelezo mengine mezani. Ungebadilishwa, virusi huenda vingeshuka pia, na kila mtu angeamini TLD ilishindwa. Mama angetembea na historia hiyo kwenye kadi hadi mwisho.

Lipo pia lililopita bila kuguswa hadi mwisho wa mwaka. Presha ilikuwa imeandikwa mara mbili, 158/92 na 160/94, bila hatua. Kinga inayokaa macho miaka mingi huharibu mishipa. Utafiti wa REPRIEVE, uliohusisha watu wanaoishi na VVU wenye miaka 40 hadi 75 katika nchi 12, Uganda ikiwemo, ulionyesha mwaka 2023 kwamba pitavastatini, dawa ya kushusha lehemu, ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Dawa hiyo hatuna kwenye kabati. Mashine ya presha tunayo. Mama alianzishiwa amlodipini na ilibidi kiwango kiangaliwe kwa karibu, maana rifampisini huila nayo.

Visa kama hiki ndiyo kwanza vinaanza. Katika utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa 2016 hadi 2017, kundi la wanawake lililokuwa na maambukizi mengi kuliko yote lilikuwa la miaka 45 hadi 49, asilimia 12. Wanawake hao sasa wote wamepita 50. Kliniki zetu bado zimepangwa kana kwamba mwanamke mwenye VVU ni mjamzito au ananyonyesha. Ukiondoa hilo, hana siku yake wala meza yake.

Ushahidi ni mlango wa kizazi wa Mama T. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani ya sehemu hiyo mara sita ya asiye na VVU. Alipimwa kwa siki mwaka 2014, ikawa salama. Alipimwa tena akiwa na miaka 59, na mpimaji akaandika kwamba sehemu inayotakiwa kuonekana haionekani, arudi baadaye. Arudi kuona nini? Baada ya ukomo wa hedhi sehemu hiyo hujivuta ndani ya mlango, na kipimo cha siki hakiifikii. Kila mwaka unaoongezeka itaonekana kidogo zaidi. Kinachomfaa ni kipimo cha vinasaba vya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, ambacho sampuli yake anaweza kujichukulia mwenyewe. Mashine ile ile ya GeneXpert iliyoonyesha kifua kikuu cha mjukuu wake inaweza kukifanya, mradi ziwepo katriji zake. Ziliombwa mara mbili. Hadi kikao hiki kinafungwa hazijafika, na mama amepewa rufaa ya hospitali ya mkoa, nauli ikiwa juu yake, tarehe baada ya kuvuna viazi.